Bugatti Type 35B ya kuunga mwenyewe: tathmini ya fundi, na habari za dereva waliyempunja

Naanza na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Mpaka boksi linatua mezani kwangu Mwananyamala, ukijumlisha bei ya dukani kule Ulaya, usafiri na ushuru, imenitoka laki sita na ushee. Hela hiyo ukienda nayo Shaurimoyo pale Ilala unarudi na gia boksi ya mtumba ya gari dogo, na nauli inabaki. Mimi nimepata gari la plastiki la sentimita 31, tena halijaungwa, limelala vipande vipande kwenye mifuko. Mume wangu aliliangalia boksi, akaniangalia mimi, akaenda zake kutazama mpira.

Sijutii. Ila yapo ya kusema, mazuri na mabaya, na jina la kiwanda nimeliacha makusudi kwa sababu sitaki kesi na mtu.

Kwa wasionifahamu: mimi ni fundi wa injini, na gereji ni yangu, siyo ya kaka yangu kama wateja wageni wanavyodhani. Magari ya kuunga ndiyo starehe yangu ya usiku watoto wakishalala. Nimeshaunga Land Rover, nimeunga malori ya jeshi. Hii ni mara ya kwanza kugusa gari la mashindano la kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Kipimo ni moja kwa kumi na mbili. Stika zilizomo zinakupa uchaguzi wa magari matatu yaliyoshindana kweli. Mawili ni ya wanaume, nao kwenye kijitabu wamepewa picha na maelezo ya kutosha. La tatu ni gari la dereva mwanamke, Eliška Junková, kwenye Targa Florio, mbio za milimani kule Sicily, ya mwaka 1928. Yeye kapewa mistari miwili, na mmoja wapo unamzungumzia mumewe. Mimi nilinunua boksi kwa ajili ya huyo wa tatu, kwa hiyo tathmini hii itarefuka, maana kazi waliyoiruka wao nitaifanya hapa.

Tuanze na uzuri. Ekseli ya mbele pekee inatosha kumfanya fundi akae chini. Kwenye magari tuliyozoea, springi inalala juu au chini ya ekseli na kubanwa kwa yubolti. Ettore Bugatti, mwenye kiwanda cha gari halisi, hakutaka hivyo. Ekseli yake ilikuwa na uwazi ndani, na springi inapita katikati, kwenye tundu la ekseli yenyewe. Kiwanda hiki kimelifuata jambo hilo bila kuchakachua. Unashika springi kwa kibano, unaipenyeza taratibu, na ikifika mahali pake unasikia mlio mdogo, "tk". Hakuna gundi. Nilimwita spana boi wangu aje asikilize.

Nyuma ndiko tulikobishana. Springi za nyuma za Type 35 zimefungwa mwisho kabisa wa chesisi, halafu zinaelekea mbele kuifuata ekseli. Kijana akachungulia mchoro, akachungulia nilichoshika.

"Dada, hiyo umeigeuza."

"Sijaigeuza. Ndivyo walivyoiunda."

"Sasa si itavunjika?"

Haikuvunjika. Tangu ilipotokea kwenye Grand Prix ya Lyon mwaka 1924, gari hili lilishinda mashindano mengi mno, likiwa na springi hizo hizo zinazomtia wasiwasi kijana wangu. Ila namwelewa, kwa sababu mchoro wa hatua hiyo ni mbovu. Mshale unaelekea kusikoeleweka na namba za vipande zimeandikwa kwa herufi za kutafutia miwani. Ukifika hapo, amini picha ya jalada, achana na mchoro.

Magurudumu yamenikera na kunifurahisha kwa wakati mmoja. Rimu ya Bugatti ilikuwa ya aluminiamu, spoki nane bapa, na drami ya breki imemwagwa pamoja nayo, kitu kimoja. Tafsiri yake gereji: ukichomoa gurudumu, umetoka na drami, na lainingi ziko wazi machoni pako. Hupigi nyundo, huweki mafuta ya breki usubiri, hulaani mtu. Unabadili tairi na papo hapo unajua breki zimebaki kiasi gani. Nimefungua drami za kutosha zilizogandamana na kutu kiasi cha kumwonea wivu makanika wa miaka 100 iliyopita. Sasa kiwanda, kwa sababu zao, wamezitoa rimu na drami kuwa vipande viwili, uvigandishe mwenyewe! Mstari wa maungio unaonekana. Msasa laini unaufuta, lakini jambo lilelile la kujivunia kwenye gari halisi ndilo walilolikosea.

Injini ni silinda nane kwenye mstari mmoja, zimegawanywa bloku mbili za silinda nne nne, na herufi B maana yake ni lita 2.3 pamoja na supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa. Kit, yaani boksi hili la vipande vya kuunga, inaonyesha vyote. Kamba za plagi ni uzi halisi unaokata mwenyewe. Hapa sina la kusema zaidi ya hongera.

Sasa gia. Kwenye gari hili usukani uko kulia, na breki ya mkono iko nje ya bodi kabisa, unaifikia kwa kutoa mkono. Gia za zama zile hazina sinkro, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana. Waliojifunzia malori ya zamani wanajua: klachi mara mbili, sikio kwenye injini, na mkono wenye nguvu na adabu kwa pamoja. Ukikosea, meno yanasaga mpaka mtaa wa pili wanasikia.

Na hapo ndipo habari ya Eliška inapoanzia. Alizaliwa Olomouc, Moravia, mwezi Novemba mwaka 1900, wakati huo ikiwa chini ya Austria na Hungaria, na baadaye ikawa sehemu ya Chekoslovakia. Baba yake alikuwa fundi vyuma. Akiwa na miaka 16 aliajiriwa benki, kwa sababu lugha zilikuwa zinampanda, na huko akakutana na kijana Čeněk Junek. Wakaoana mwaka 1922. Čeněk alipata pesa na alipenda mbio, lakini alitoka Vita Kuu ya Kwanza na jeraha la mkono, na mkono huo ulimsumbua kwenye kubadili gia. Eliška alikuwa anakaa pembeni yake kama makanika wa safari. Kabla ya hapo alikuwa ameshakwenda kujifunza udereva kimyakimya, bila kumwambia mwenyewe.

Watu wengi wakisimulia habari hii wanaigeuza mapenzi, mke anashika usukani kumsaidia mume. Mimi naona kingine. Mtu aliyekaa kiti cha pembeni, kazi yake kuangalia geji na kusikiliza injini huku mwingine anaendesha, anatoka pale anajua gari kuliko dereva. Kufikia mwaka 1924 alikuwa anashinda mwenyewe nchini kwao. Mwaka 1926 alikuwa Uswisi kwenye mbio za kupanda mlima wa Klausen. Mwaka 1927 akaingia Grand Prix ya Ujerumani pale Nürburgring, akamaliza wa nne, nyuma ya Mercedes tatu kubwa zenye injini karibu mara tatu ya yake.

Lakini stika zake zilizomo kwenye boksi ni za Targa Florio, na Targa ndiyo inayostahili kurasa, siyo mistari miwili.

Targa Florio haikuwa uwanja. Ilianzishwa mwaka 1906 na Vincenzo Florio, tajiri wa Sicily, kwenye barabara za kawaida za milima ya Madonie: mawe, vumbi, vijiji, korongo upande mmoja na ukuta upande mwingine. Mzunguko mmoja ulikuwa kilomita 108, na mwaka 1928 walitakiwa kuuzunguka mara tano. Jumla kilomita 540. Ni karibu Dar mpaka Moshi, kona tupu, bila lami ya kueleweka, kwenye gari lisilo na paa, huku stelingi inakupiga mikono kila jiwe. Mshindi alitumia zaidi ya saa saba na dakika 20.

Eliška alikuwa ameonja mwaka uliotangulia, gari likaharibika akaishia njiani. Hakuwa na mabega ya madereva wa kiume kama Campari na alilijua hilo. Akafanya kitu ambacho siku hizi kila dereva wa rali anakifanya, na wakati ule hakikuwa kawaida hata kidogo: alikwenda Sicily mapema na kuisoma njia. Aliipita barabara mpaka kwa miguu, akatia akilini alama za kila mahali, kona hii inajifunga, ile unaweza kuiachia, hapa uingie kwa upande gani. Dereva wa lori anayeijua Kitonga, ule mlima wa kona kali kule Iringa, haendeshi kwa macho peke yake. Anajua breki inaanza wapi kabla bango halijaonekana. Eliška aliitengeneza Kitonga yake ya kilomita 108.

Tarehe 6 Mei 1928. Mzunguko wa kwanza anashika nafasi ya nne, mbele yake yumo Louis Chiron kwenye gari la timu ya Bugatti yenyewe. Mzunguko wa pili unaisha, na anayeongoza Targa Florio ni Eliška Junková. Anayeongoza mbio zote, siyo anayeongoza wanawake. Nyuma yake wako watu ambao majina yao bado yanaandikwa kwa herufi kubwa, Tazio Nuvolari akiwemo. Giuseppe Campari wa Alfa Romeo na Albert Divo wa Bugatti wanamkimbiza, nafasi zinabadilika, yeye bado yumo kwenye kundi la kushinda.

Sasa chukua mfuko ulioandikwa F kwenye boksi hili, utoe kipande cha pampu ya maji. Ni kama punje ya mtama. Kikidondoka sakafuni umekipoteza, kwa hiyo tandika kitambaa cheupe kabla hujafungua. Nilipokishika nilikaa nacho kidogo, kwa sababu kwenye gari halisi hiki ndicho kilichomwangusha. Mzunguko wa mwisho pampu ilimtupa na injini ikaanza kuchemka.

Nieleze kwa wasio mafundi. Pampu ikifa maji hayazunguki. Joto linabaki juu kwenye silinda hedi. Hapo dereva ana mawili tu, apunguze au aue injini. Nina wateja, sitawataja, wameona mshale wa joto uko kwenye H kabla ya Mlandizi wakasema wacha tufike Chalinze. Wakafika Chalinze juu ya breakdown na silinda hedi imepinda kama chapati. Eliška alikuwa anaelekea ushindi mkubwa kuliko wote maishani mwake, na bado aliilea injini ile mpaka mwisho. Alimaliza wa tano. Divo wa kwanza, Campari wa pili, Conelli wa tatu, Chiron wa nne, kisha yeye. Nyuma yake walibaki Nuvolari, Fagioli, Ernesto Maserati, René Dreyfus. Watu wanaiita bahati mbaya. Mimi kama fundi nasema nafasi ile ya tano ndiyo inayonionyesha dereva, kwa sababu gari lenye pampu mbovu kwenye milima ya Madonie halijifikishi.

Wiki kumi baadaye, tarehe 15 Julai 1928, Čeněk alifariki kwenye ajali katika Grand Prix ya Ujerumani, Nürburgring. Eliška akaacha mbio moja kwa moja, akauza magari ya mashindano. Alikuwa na miaka 27.

Kijitabu cha kit kinaishia hapo, "akastaafu baada ya kifo cha mumewe", nukta. Jamani, aliishi miaka mingine 65! Ettore Bugatti alimpa gari la safari akaenda nalo mpaka Ceylon, hiyo Sri Lanka ya leo, na akamtuma aangalie soko la Asia. Aliolewa tena. Wakomunisti walipochukua nchi hawakupendezwa na mwanamke mwenye sifa za magari ya kitajiri, jina lake likawekwa pembeni kwa miaka mingi. Akawangoja wakatoka mwaka 1989, yeye akafariki Praha Januari 1994. Haya yote yangeingia kwenye ukurasa mmoja wa kijitabu chenye kurasa tatu za matangazo ya kit nyingine.

Turudi mezani, kwenye kasoro.

Stika. Ni zile za kuloweka kwenye maji kisha unazitelezesha juu ya bodi. Zangu zilikatika kwenye mikunjo ya boneti. Joto la Dar na unyevu wake haviko kwenye hesabu za watu wa Ulaya. Fanyeni kazi hii asubuhi mapema, feni imezimwa, maji ya uvuguvugu siyo ya moto. Rangi haimo ndani ya boksi. Mimi nilimwomba jirani yangu mpiga rangi, naye akanipulizia bluu iliyobaki kwenye Noah ya mteja. Imetoka safi, lakini sikilizeni: rangi ya gari ina tina, na tina inakula plastiki. Lazima ipigwe praima nyepesi kwanza, ikauke kabisa, halafu rangi ije kwa pasi nyembamba nyembamba. Ukimwaga kwa mkupuo, boneti inayeyuka mbele yako.

Mkanda wa ngozi wa kufungia boneti ni karatasi iliyochapwa rangi ya kahawia. Kwa laki sita, karatasi! Nilikata kipande kwenye pochi kuukuu, kikakaa vizuri kuliko chao. Tairi ni za mpira wa kweli na zinanuka mpira wa kweli, hilo nimelipenda. Usukani wenye ukingo wa mbao unahitaji mkono uliotulia. Usiuguse kama umetoka kufungua nati za rimu za lori siku hiyo.

Halafu kuna dereva. Wamemweka mwanasesere mmoja wa kukaa kwenye usukani, kofia ya ngozi, miwani ya vumbi na masharubu. Stika za gari la Eliška zimo, dereva wake hayumo. Kutengeneza uso mwingine wa plastiki wa ukubwa huo kungewagharimu kiasi gani? Nimeyatoa masharubu kwa wembe, nikapitisha msasa, nikampunguza mabega kwa tupa ndogo. Sasa anafaa, ingawa jirani yangu anasema amefanana na mjomba wake wa Lushoto.

Je, ununue? Kama unapenda mitambo na una subira, ndiyo. Injini, ekseli ya mbele na dashibodi ni kazi ya watu wanaolijua gari lenyewe. Kama unataka kumpa mtoto zawadi, hapana, vipande ni vidogo na atakulilia usiku. Kama ni mara yako ya kwanza kuunga, anza na kit ya bei nafuu yenye vipande vikubwa, hii itakukatisha tamaa kwenye springi za nyuma. Ubora wa vipande naupa nane kwa kumi, mchoro wa maelekezo nne, kijitabu mbili, na hizo mbili ni kwa sababu angalau jina lake wameliandika bila kukosea.

Ukiagiza, mwombe muuzaji akuhakikishie kwa picha kwamba mfuko F haujapasuka. Na gundi nunua chupa mbili, ile ya kwenye boksi inaishia kwenye rimu ya tatu.